Atubariki, Si Awabariki

Kila Jumamosi asubuhi Emiliana alitwanga uwele nyuma ya jiko, na kila alipouinua mchi alikuwa na la kunung'unikia. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu mama yake, Evodia, aanze masomo ya ukatekista, yaani ualimu wa dini, katika chuo cha jimbo la Kanisa, kazi za nyumbani zilimwangukia yeye: maji, kuni, mboga, na kumbeba mdogo wake. Baba alikuwa akifanya vibarua Manyoni.

Sasa mama alikuwa nyumbani kwa likizo, mwaka wa kwanza ukiwa umekwisha. Ili arudi kwa mwaka wa pili, ilibidi halmashauri ya kigango, yaani kanisa lao dogo la kijijini, imkubali, na halmashauri ilitaka kwanza kumwona akiongoza ibada ya Jumapili. Padre Antipasi alifika kijijini kwao, si mbali na Mungaa, mara moja tu kwa mwezi. Jumapili nyingine ibada iliongozwa na mlei, yaani muumini wa kawaida asiye padre.

"Emi, njoo unisikilize," mama aliita kutoka ndani. "Leo wewe ndiye waumini wangu."

"Uwele hautajitwanga, mama."

"Njoo. Uwele hauna miguu, hautakimbia."

Emiliana alisikiliza masomo na mafundisho huku amenuna, kisha akatoka kabla ya sala ya kufunga. Alikuwa na hasira na hakuona sababu ya kuificha.

Kisimani alimkuta Noel, mvulana wa darasa lake, pamoja na wenzake.

"We Emi, kesho padre wenu anavaa gauni gani?" Noel aliuliza. "Atatubariki au atatupikia?"

Wenzake wakaangua kicheko. Emiliana akatua ndoo kwa kishindo.

"Atakubariki mpaka ukome!" alijibu.

Kesho yake kanisa lilijaa. Wengine walikuja kusali, wengine walikuja kumwona mwanamke akikosea. Evodia hakukosea. Alisoma kwa sauti iliyofika mlangoni, akafundisha bila kuzungukazunguka. Mwishoni Mzee Mughwai, mwenyekiti wa halmashauri, aliinamisha kichwa kupokea baraka, kama alivyozoea tangu enzi za marehemu katekista Chediel. Lakini Evodia hakuinua mikono juu ya watu. Alijiwekea ishara ya msalaba, akasema:

"Bwana atubariki, atukinge na mabaya yote, atufikishe kwenye uzima wa milele."

Waliitika "Amina" kwa kusitasita.

Nje ya kanisa maneno yakaanza. Evodia alikuwa bado ndani akipanga vitabu.

"Atubariki?" Mzee Mughwai aliuliza kwa ukali. "Chediel alisema 'awabariki', na mikono aliinua! Huyu mwaka mzima amesoma nini?"

"Ametunyima baraka," mama mmoja aliongeza.

"Amesahau," Noel alisema kwa sauti ya kusikika. "Sala ambayo hata mimi naijua!"

Emiliana alijipenyeza katikati yao. "Hakusahau! Padre Antipasi ndiye aliyemwamuru aseme hivyo! Nilimsikia kwa masikio yangu!"

Hakuwa amesikia chochote.

Mzee Mughwai alimtazama, kisha akapanda juu ya jabali ambapo mtandao ulishika. "Tumsifu Yesu Kristo, padre. Eti ulimwamuru Evodia abadilishe maneno ya baraka?" Akasikiliza. "Hukumwamuru? Basi, asante." Akakata simu kabla padre hajauliza ni maneno gani.

Evodia alipotoka, mzee alikuwa akimngoja. "Halmashauri inakaa jioni hii. Kukosea sala tungesamehe. Kumsingizia padre, hapana."

"Nimemsingizia lini, baba?"

"Muulize mwanao."

Mama alitangulia kwa hatua ndefu mpaka nyumbani. Aliufunga mlango.

"Ulisema nini?"

"Walikuwa wanakucheka, mama!"

"Sijauliza wao walifanya nini."

Emiliana akasimulia, kisha hasira ya mwaka mzima ikamtoka. "Nilikuwa nakutetea! Mimi nabeba maji, nabeba mtoto, wewe unasoma, halafu unakosea neno moja! Kwa nini hukusema 'awabariki' tu kama Mzee Chediel?"

"Kwa sababu mimi si padre." Sauti ya mama ilikuwa ya chini, lakini yenye hasira. "Padre ana mamlaka ya kuwabariki watu, kwa hiyo husema 'awabariki'. Mlei huomba baraka pamoja na wenzake, naye yumo, kwa hiyo husema 'atubariki'. Nikisema lile la padre nimejifanya mtu nisiye. Ungekaa jana mpaka mwisho, ungeniuliza, nami ningekueleza."

"Basi twende tuwaambie," Emiliana alisema.

"Nikiwaambia mimi sasa, wataona ni uongo wa pili. Kwanza utasema wewe."

Jioni ile Emiliana alisimama mbele ya wazee, mikono nyuma. Noel na wenzake walichungulia dirishani.

"Shikamooni. Nilidanganya. Padre hakusema kitu, na mama hakunituma. Nilitunga mwenyewe kwa sababu nilikasirika."

"Mtoto mdogo, uongo mkubwa," Mzee Mughwai alisema. Akamgeukia Evodia. "Na wewe, una lipi?"

Evodia alieleza kama alivyoeleza nyumbani. Mzee akapiga meza.

"Kwa hiyo Chediel alitupotosha miaka yote?"

"Sijui yeye alifundishwa nini, baba. Najua nilichofundishwa mimi. Mpigie padre tena, ila safari hii umuulize jambo lenyewe: mlei hufungaje ibada?"

Wote wakatoka. Mzee alipanda jabali, akaweka simu kwenye kipaza sauti, akauliza.

"Aseme 'atubariki'," sauti ya Padre Antipasi ilijibu. "Hilo lingine ni la padre. Kwani kuna tatizo?"

"Hapana, padre. Tulitaka kujua."

Mzee alishuka akiwa amekunja uso kama mtu aliyemeza dawa ya mwarobaini. "Arudi chuoni," alisema. "Nani anapinga?" Hakuna aliyepinga.

Njiani kurudi nyumbani Emiliana aliruka kwa furaha. "Tumeshinda, mama!"

Evodia alisimama. Alikuwa bado na hasira.

"Ukweli umeshinda, na wewe nusura uuangushe. Nilikuwa na jambo la kweli, ukaliongezea uongo ili ulisaidie. Mtu akikuta uongo mmoja katika maneno yako, hana haja ya kuchambua yaliyobaki. Atayatupa yote. Sikulaumu kwa kukasirika, mwanangu, maana walinidhihaki. Lakini ukiulizwa usichokijua, sema: sijui, ngoja nimuulize anayejua."

"Hata mbele ya Noel?" Emiliana aliuliza.

"Hasa mbele ya Noel," mama alisema.