Jiwe Lililoshushwa Mlimani

Kandambili za Asnath zilikutwa nje ya geti, zimepangwa sambamba, zimeelekezwa barabarani.

"Uliziacha huko jana?" Ernest aliuliza, akinywa chai amesimama.

"Jana sikutoka."

"Basi ni mbwa, mama Erica."

Asnath alizitazama. Mbwa wa mtaani kwao Miyuji huiba viatu na kuvitafuna. Hawavipangi. Hata hivyo hakubishana, maana asubuhi hiyo alikuwa na donge jingine moyoni, na donge hilo lilikuwa na jina: Sidonia.

Sidonia alifanya kazi na Ernest katika ofisi moja ya upimaji ardhi. Kwa wiki mbili alikuwa akija nyumbani kwao kila jioni, wawili hao wakitandaza ramani juu ya meza ya chakula. Walikuwa wakipanga matembezi ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane: vilele vitano vya milima iliyo upande wa Chemba, vyote kwa siku moja, kilomita ishirini na sita kwa miguu. Watu tisa wa ofisini walikuwa wamejiandikisha. Ramani ilikandamizwa kwa jiwe jekundu la ukubwa wa ngumi. Ernest alilitoa kwenye kilele cha tatu alipokwenda kukagua njia. Huko juu kulikuwa na lundo zima la mawe kama hayo, alisema. Hili alilipenda.

"Cha tatu tufike kabla ya saa tano," Ernest alikuwa akisema jioni ya siku hiyo. "Baada ya hapo mwamba unachoma."

"Na maji lita nne kila mtu," Sidonia akajibu. "Meshack abebe sita. Na chapati zake abebe mwenyewe, mimi si punda wake."

Wakacheka. Jikoni, Asnath alijikuta amekata kitunguu mpaka kimekuwa uji.

Kesho yake ulikutwa nje ya geti mto wake wa kulalia. Siku iliyofuata, kitenge alichovaa siku ya kuagwa kwao kabla ya harusi. Geti lilikuwa na kufuli kwa ndani na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Ernest; binti yao Erica alikuwa shule ya bweni. Vitu vya Ernest havikuguswa. Asnath alifikia jibu ambalo mke yeyote angelifikia: anatolewa nyumbani kwake kidogo kidogo, na anayemtoa ana ufunguo.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya mvua ya kwanza inapogusa vumbi, na Dodoma mwezi wa nane hakuna mvua. Ilitoka mezani. Asnath aliinama juu ya ramani na kuona mstari wa penseli ukipanda kilele cha kwanza, cha pili, cha tatu, ukaishia hapo. Jioni iliyopita ulikuwa unafika cha tano.

"Nani kafuta?" Ernest aliuliza.

"Mimi nilidhani ni wewe," Sidonia akasema.

Akauchora upya. Asubuhi haukuwepo tena, na karatasi haikuwa na alama ya kifutio.

Alhamisi alikuja shangazi yake Cecilia kutoka kijiji alikoolewa huko Chemba, na kuku wawili na gunia la karanga. Ernest alikuwa kazini. Shangazi aliitikia shikamoo, akaingia, akanusa, akakataa kukaa karibu na meza.

"Nani kalishusha lile?"

"Baba Erica. Anakandamizia ramani."

Shangazi akashusha sauti, kama mtu anayezungumza kwenye chumba cha mgonjwa. "Kwetu kila bibi harusi hupandisha jiwe moja kwenye kilele kile. Anampa yule wa juu, ili wivu wake ubaki huko huko. Ni jini la kike, halikuwahi kuposwa. Mawe yanapanda, hayashuki. Mwanamume akishusha jiwe, akalipa mahali ndani ya nyumba yake, ameposa."

"Ernest ni mzee wa kanisa, shangazi."

"Mlima haukumuuliza dhehebu." Akamshika mkono. "Vitu vyako vinatoka, siyo? Siku vikiisha, utatoka wewe. Lirudishe. Libebe wewe mwenye nyumba, kwa mgongo wako, uliweke juu ya lundo, useme kwa heshima: mwenzangu, nimekurudisha kwenu. Na nisikilize vizuri. Asilibebe mwanamke mwingine. Akilibeba mwingine, yule hatabaki mlimani. Atashuka na aliyembeba."

Asnath aliyaweka moyoni. Jioni alimwambia Ernest kwamba naye atakwenda Jumamosi. Ernest alishangaa, akaandika jina lake la kumi.

Jumamosi saa tisa alfajiri, walipofungua geti kutoa gari, picha yao ya harusi ilikuwa chini, kioo kimeelekea udongoni. Asnath aliigeuza. Upande wa Ernest ulikuwa mzima. Mahali pa uso wa bibi harusi, ndani ya kioo, palikuwa na vumbi jekundu lililosuguliwa mpaka likaingia kwenye karatasi. Ernest hakuiona, alikuwa akimfungulia Sidonia mlango wa mbele.

"Akae hapa, ndiye mwenye ramani," alisema.

Asnath alikaa nyuma na jiwe mapajani, ndani ya mkoba wake. Saa nzima na zaidi alitazama shingo ya Sidonia ikigeuka kwa Ernest kila alipotia neno. Jiwe lilizidi kuwa na joto, na wazo lilikuja polepole, likakaa: kama yule anataka mwanamke wa kushuka naye, kwa nini asiwe huyu anayecheka?

Chini ya mlima wa kwanza waliwakuta wenzao, wote wakapanga mikoba ardhini, wakashikana mikono, na Meshack, mnene na mcheshi wa ofisi, akaongoza sala. Kila mtu alifumba macho. Asnath aliachia mkono wa jirani kana kwamba anakohoa, akainama, akafungua mkoba wa Sidonia, akalisukuma jiwe chini ya sweta.

"Amina," akasema pamoja na wenzake.

Kati ya kilele cha kwanza na cha pili Sidonia alibaki nyuma, akatembea na Asnath.

"Shemeji, nilikuwa natafuta nafasi tuwe wawili," alisema akihema. "Mimi na Frank tunafunga ndoa mwezi wa kumi na mbili. Kaka Ernest ndiye anatusaidia kuwatuliza wazee. Nilitaka uwe msimamizi wangu. Nilikuwa naogopa kukuuliza, unaonekana hunipendi."

Asnath alisimama. Alitazama mkoba ule mgongoni, kamba zimezama mabegani.

"Mzito?" aliuliza.

"Leo sijui nina nini. Kama nimebeba mtu."

Nitasema kwenye kilele cha pili, Asnath alijiambia. Kwenye kilele cha pili Ernest alimpa Sidonia mkono kumvusha mwamba, na mkono ukachelewa kuachiwa kwa kiasi cha pumzi moja, au Asnath aliona hivyo. Akafunga mdomo. Nitasema cha tatu.

Walifika cha tatu saa tano kasoro dakika chache, na upepo uliokuwa ukiwasukuma tangu asubuhi ukakatika, na ndege wakanyamaza, na kwenye mwamba uliokauka tangu mwezi wa nne ikapanda harufu ile ya mvua, nzito kiasi kwamba Meshack alitazama mbinguni kutafuta wingu, na Sidonia akapiga magoti kando ya lundo la mawe, akafungua mkoba kutafuta maji, akalikuta.

"Nani kanibebesha jiwe? Meshack wewe!"

Wote walicheka isipokuwa Asnath, ambaye alipiga hatua, akanyoosha mkono bila kufika, huku Sidonia akiliweka jiwe juu ya lundo kama mtu anayerudisha kikombe kabatini, na kiganja chake kikabaki pale, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo mpaka usibaki tena uso wa mtu ambaye Asnath alimjua.

Alivua viatu. Akavipanga sambamba, vimeelekezwa bondeni. Kisha akashuka peku juu ya mwamba unaochoma, mahali pasipo njia, bila kushika kitu.

"Sidonia!" Ernest aliita. Mlima ulirudisha jina mara tatu. Yeye hakugeuka.

Walimtafuta mpaka saa tisa mchana. Ernest alibaki na wanakijiji, akampa Asnath ramani aipeleke polisi mjini pamoja na Meshack. Alikuwa akilia. "Nitamwambia nini Frank?" alisema. Asnath hakumwambia alichofanya.

Ndani ya gari aliikunjua ramani. Mstari wa penseli haukuishia tena kilele cha tatu. Ulishuka kwa upande wa kusini, umenyooka, ukavuka makorongo na mashamba bila kufuata njia yoyote, ukatoka ukingoni mwa karatasi kuelekea Dodoma.

"Nipitishe nyumbani kwanza," alimwambia Meshack.

Jua lilikuwa linazama walipoingia Miyuji. Nje ya geti vitu vyake vyote vilikuwa vimepangwa: masanduku, sufuria, Biblia, cherehani, vyote vimeelekezwa barabarani. Geti lilikuwa na kufuli kwa ndani. Aligonga. Akasikia nyayo za mtu asiye na viatu zikija polepole, kama za mwenye nyumba anayejua kwamba mgeni atasubiri.

Dirisha dogo la geti likafunguka. Sidonia alikuwa amejifunga kitenge cha Asnath. Harufu ya mvua ilipita kati yao.

"Sidonia," Asnath alinong'ona, "nisamehe. Toka, twende kwa Frank."

Macho yale hayakulijua jina hilo.

"Umenibeba vizuri, mwenzangu," sauti ilisema kwa heshima. "Umenifikisha. Zamu yako imekwisha."

Dirisha likafungwa. Ndani, mtu alianza kukata vitunguu.