Mwanamke Ndani ya Birika

Kwa vidole viwili mshonaji aliikuza picha ya birika aliyoipiga mumewe, akaikuza tena, mpaka tumbo la birika likajaa kioo chote cha simu. Humo ndani ya mng'ao alisimama mwanamke mwenye gauni la kijani, ameshika kadibodi nyeupe kifuani.

Si yeye. Yeye hana gauni la kijani.

Kilichomuuma zaidi ya gauni ni ile kadibodi. Kuishika ilikuwa kazi yake.

Mumewe, fundi umeme, alikuwa ameingiwa na ugonjwa wa kupiga picha za vikombe, ndimu na chupa. Mwanzoni zilikuwa kichekesho. Aliwasha taa ya dari, akapanga kila kitu katikati kama watu wanaosubiri picha ya kitambulisho, vivuli vyeusi kama masizi. Polepole akajifunza. Akazima taa, akasogeza meza ubavuni mwa dirisha, akapunguza vitu mpaka vikabaki viwili vitatu vyenye nafasi ya kupumua. Mkewe alisimama upande wa pili na kadibodi, mwanga wa dirisha ukagonga pale na kurudi kulainisha kivuli. Walicheka sana siku zile.

Kisha bwana akaanza kwenda kupigia picha kwa fundi mwenzake, eti dirisha la kule ni kubwa.

Mshonaji akamtumia wifi yake picha, na ujumbe chini: "Wifi, usinifiche. Huyu nani?"

Wifi, ambaye kwa kawaida hujibu kabla hujamaliza kuandika, safari hii alichelewa.

"Wifi yangu, kaa chini kwanza. Huyo ni mfinyanzi. Amerudi mjini."

Mshonaji hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mfinyanzi ndiye aliyekuwa mchumba wa mumewe kabla yake, aliyeondoka zikiwa zimebaki wiki chache wafunge ndoa. Kwa mama mkwe jina lake halikutajwa, na ukimya huo siku zote ulimkera mshonaji kuliko kama wangemsema.

Jioni mume aliingia na begi lake la kamera, akasalimia, akaomba maji. Akapewa.

"Leo umepigia wapi?"

"Kwa mwenzangu, kule kule."

"Mwenzako siku hizi anavaa gauni?"

Akamwekea simu mezani. Fundi umeme aliiangalia ile picha, glasi ikabaki hewani. Akaanza kueleza kwa haraka: mfinyanzi alihitaji picha za vyungu vyake awaonyeshe wanunuzi, yeye akaona ni msaada tu, akaficha kwa kuogopa ugomvi. Hakuna kilichotokea.

"Mpigie. Weka spika."

"Mke wangu, ya nini kufika huko?"

"Mpigie."

Akapiga. Ikapokelewa upesi, na sauti laini ikasema kabla hajatoa hata salamu:

"Nilidhani hutanipigia tena. Umenikasirikia kwa nililokuambia leo?"

Fundi umeme akafumba macho. Mshonaji akaivuta simu kwake.

"Ulimwambia nini?"

"Naongea na nani?"

"Mkewe."

Mfinyanzi alipoongea tena, ule ulaini ulikuwa umemtoka.

"Basi bora usikie kwangu. Nilimwomba anirudie. Akakusanya vitu vyake akaondoka, kazi yenyewe hakuimaliza. Hajanigusa, dada. Mimi ndiye niliyetaka."

Simu ikakatwa. Mume akashusha pumzi kama mtu aliyeachiliwa mahakamani.

"Umesikia mwenyewe. Nilikataa."

"Nimesikia. Yeye ulimwonyesha ukweli. Mimi ukaniletea mwenzako na dirisha lake."

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa baridi. Cherehani ilinguruma tangu asubuhi, na mume aliyezoea kuitwa mezani akawa anakuta chakula kimefunikwa. Alijaribu utani, ukamfia mdomoni. Mwishowe alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akamsimulia yote bila kuulizwa: alivyokutana na mfinyanzi, mara alizokwenda, na jinsi alivyofurahia, ndiyo, alivyofurahia kidogo, kuona yule aliyemwacha sasa anamhitaji.

Hilo la mwisho lilimchoma mshonaji. Ila ndilo lililomfanya aamini mengine.

"Kazi ya watu haiachwi nusu," alisema, akikata uzi. "Kesho tunakwenda wote."

Mfinyanzi aliwafungulia mlango, akawakaribisha kwa adabu, macho chini. Alikuwa mzuri kuliko alivyoonekana kwenye birika, na mshonaji alimchukia kwa hilo tangu kizingitini. Fundi umeme alipanga vyungu karibu na dirisha, akapiga picha, akaitazama, akaguna. Haikukaa sawa.

Mshonaji akasogea, akatazama kwenye kioo cha kamera.

"Hicho kirefu kimemziba mwenzake. Kisogeze nyuma, kando kidogo. Na hicho cha tatu kitoe, kinaleta fujo."

Mfinyanzi mwenyewe ndiye aliyekitoa. Mwanga ukapita katikati ya vile viwili, ukaangukia ukingo wa kile kidogo. Picha ikakubali.

"Nisamehe, dada," mfinyanzi alisema walipokuwa wakiaga.

"Picha nyingine utamtafuta mtu mwingine," mshonaji alijibu bila kupandisha sauti.

Wakatoka. Walitembea hatua kadhaa, mume akiwa na begi begani, akimchungulia mkewe kwa pembeni.

"Bado una wivu?"

"Ninao. Nishike mkono, yuko mlangoni anatuangalia."

Akamshika.