Kitambaa cha Natanaeli

Chumba kilikuwa na joto, dirisha halifunguki, na bado mzee Natanaeli alikuwa amejifunga kitambaa kizito mdomoni. Léopold alidhani mzee anaumwa jino.

Mwaka ule wa 2009 kitu kilionekana juu ya Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kilikuwa cheusi, cha duara, kimesimama hewani adhuhuri bila mbawa wala moshi. Jeshi likataka kujua ni nini. Natanaeli, mfugaji aliyekimbia kutoka milima ya Kivu, ndiye aliyekuwa chini yake na ng'ombe wake, basi akaletwa mjini Mbarara, kwenye ofisi ndogo ya jeshi upande wa Nyamityobora. Na kwa kuwa hakujua Kiswahili, Léopold aliletwa awe mkalimani.

"Wewe fasiri yote," Kapteni Mutware alimwambia. "Usiache kitu, usiongeze kitu. Hiyo kitu ilikuwa ndege? Iko na taa? Ilisema nini?"

Léopold hakuhitaji kuonywa. Miaka sita ya ukalimani, kliniki na kanisani, hakuwahi kumeza neno la mtu. Akauliza. Mzee akamwita kwa kidole, akashusha kitambaa, akamwekea midomo sikioni.

Halikuwa neno. Ulikuwa mlio mfupi wa kooni, kama mama anayemwita mwanawe kutoka chini ya kisima, na pamoja nao ilikuja harufu ya mabati yaliyoungua. Ukaingia sikioni ukiwa baridi, ukateremka, ukatulia nyuma ya ulimi wa Léopold.

Natanaeli akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Machozi yakamtoka. "Nisamehe, mwanangu," akanong'ona kwa lugha ya nyumbani. "Kiliniingia siku ile, chini ya kile cheusi. Majirani zangu Wasomali wanakiita jini. Ukisema neno lolote, chenyewe kinatangulia. Kinatoka mdomoni kinaingia sikioni, hakina njia nyingine. Na mimi nina wajukuu."

Kitambaa akakiacha mezani.

"Anasema nini?" kapteni akauliza.

Léopold alifungua mdomo. Mlio ukapanda, ukagusa meno. Akafunga mdomo upesi. Juu ya meza ya kapteni palikuwa na picha ya mtoto mwenye sare ya shule. Léopold akavuta kalamu, akaandika: *Ndege.*

"Ndege tu? Asubuhi mzima, ndege? Na wewe mukalimani, sasa umekuwa bubu?" Kapteni alicheka, akafunga faili.

Ulikuwa uongo wa kwanza katika kazi yake.

Siku tatu alikaa nyumbani Rubondo na kile kitambaa mdomoni, akinywa uji peke yake nyuma ya nyumba. "Baba Teta, baaskari balikufanya nini kule?" mkewe Apolline alilia. "Sema basi, hata neno moja!" Binti yao Teta, wa miaka saba, aliona ni mchezo. "Papa, nikuambie siri yangu, na wewe uniambie yako," alisema, akileta sikio lake dogo. Kila alipolileta, kile kitu kilijigeuza kooni kwa furaha.

Léopold akaandika kwenye daftari: *Musinifungue mdomo. Kinawataka ninyi.*

Apolline alipeleka karatasi hiyo kwa mchungaji Anatole. Jumapili baada ya ibada mchungaji alikuja na wazee wanne wa kanisa, watu wema, wengine hawajala tangu jana kwa ajili ya maombi hayo. Akaisoma mara mbili kwa huruma.

"Mama Teta, haya si maneno ya bwana yako. Ni pepo anaogopa. Pepo hatoki mpaka aseme jina lake."

Léopold akatikisa kichwa, akaitafuta kalamu, lakini wazee walikwisha kumshika mikono, kwa upole, kama mgonjwa, na mlango ukafungwa pepo asikimbilie kwa jirani, na wimbo ukaanza, na harufu ya mabati ikajaa chumba kizima, kila mtu akidhani ni jua la juu ya paa, na vidole vya Apolline vikawa vinahangaika na fundo la kitambaa kisogoni pake huku akinong'ona, "Vumilia, bwana yangu, bado kidogo," na Teta, aliyewekwa mbele kabisa kwa kuwa Mungu husikia watoto upesi, akasogea karibu zaidi, akainamisha kichwa, akageuza sikio, lisimpite neno la kwanza la baba yake.