Samaki Aliyevunja Fimbo ya Mbishi

Kila siku akitoka shule, Mbishi alivua sare, akala, kisha akaketi kwenye kigoda kumsaidia bibi yake. Bibi alikuwa fundi wa miavuli, na sebule yao ndiyo iliyokuwa karakana. Miavuli ilining'inia ukutani, makopo yalijaa njiti zake za chuma, na mezani palikuwa na koleo, msasa, gundi na uzi wa nailoni. Jina la Mbishi binti huyu hakupewa na wazazi. Alilipata kwa juhudi zake mwenyewe, kwa maana ukimwambia leo ni Alhamisi, atakuuliza nani kasema.

Bibi alikuwa na desturi moja. Hakushika mwavuli wa mteja kabla hajauliza, "Umevunjikaje?" Wateja karibu wote walijibu kwamba ni upepo. Hata majira ambayo jani halitikisiki mtini, miavuli ya mtaa ule ilivunjwa na upepo tu. Bibi hakubishana nao. Alitikisa kichwa, akaanza kazi.

Alhamisi moja Bibi alitoka kununua uzi, na Mbishi akapata nafasi ya kwenda kuvua. Alirudi kutoka bwawani mbio, ndoo mkononi, na fimbo yake ya kuvulia samaki kwapani. Ilikuwa fimbo ya mwanzi mwembamba, zawadi ya mjomba, na aliipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Alipoingia ndani akaupiga mlango teke la kisigino ili ujifunge, jambo ambalo Bibi alimkataza mpaka akachoka. Mlango ukajifunga kweli, huku ncha ya fimbo ikiwa bado nje. Ka!

Mbishi aliufungua, akatazama, machozi yakamlenga. Ncha ilikuwa imevunjika shubiri nzima. Jumapili kulikuwa na mashindano dhidi ya watoto wa ng'ambo ya bwawa, naye alikuwa mmoja wa wavuvi watano waliochaguliwa na Kapteni, kijana wa darasa la saba. Kapteni alikuwa amesema wazi kwamba mzembe hana nafasi katika kundi lake.

Bibi aliporudi alikuta fimbo mezani. "Imevunjikaje?" akauliza.

"Samaki," alijibu Mbishi haraka. "Mkubwa, Bibi! Alivuta hadi ncha ikakatika."

Bibi aliivaa miwani yake. Aliipapasa ile sehemu iliyovunjika kwa kidole gumba, polepole, kisha akamtazama mjukuu wake. "Samaki?"

"Kwani samaki hawezi?"

"Anaweza," alisema Bibi. "Basi kama ni samaki, ncha ilikuwa laini mno. Ikaze kwa njiti ya mwavuli, uzungushie uzi mara tatu, upake gundi. Na mshipi ubadilishe, uweke ule mnene."

Mbishi alifanya kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe, Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa hiyo shuleni, Kapteni alipomuuliza habari za fimbo, alimsimulia yule samaki, na kila aliposimulia samaki aliongezeka urefu. Kufikia saa ya kwenda nyumbani alikuwa analingana na dawati.

"Haya," Kapteni alisema, ingawa uso wake haukuamini. "Kesho asubuhi tunafanya mazoezi. Fimbo isipovua, nafasi yako nampa mwingine."

"Nani kasema haitavua?" alijibu Mbishi, kidevu juu.

Jumamosi asubuhi fimbo ilikuwa nzito, ngumu kama mpini wa jembe. Samaki wa bwawa lile walikuwa wadogo, wa kiasi cha kiganja. Walikuja wakadonoa chambo taratibu, wakakimaliza, wakaondoka zao, na Mbishi hakuhisi hata kidogo. Alibadilisha chambo mara tisa. Wenzake waliopoa samaki, yeye aliopoa ndoana tupu.

"Umelisha bwawa zima," alisema Kapteni, na wenzake wakacheka. "Kesho njoo na fimbo inayofanya kazi, la sivyo usije."

Mbishi aliingia nyumbani amefura kwa hasira. "Bibi, umeniharibia fimbo! Imekuwa ngumu, haihisi chochote!"

Bibi hakuinua macho kutoka kwenye mwavuli aliokuwa akiushona. "Mimi nimekuelekeza kutengeneza fimbo ya yule samaki uliyeniambia. Fimbo hiyo ni ya samaki mkubwa. Kwani hakuja leo?"

Mbishi alifungua mdomo abishe, kisha akaitazama ile njiti iliyofungwa kwenye fimbo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Ni mlango," alisema hatimaye, kwa sauti ya ukali kana kwamba Bibi ndiye aliyekosa. "Niliupiga teke. Hakukuwa na samaki."

"Najua. Mwanzi uliovutwa na samaki huchanika nyuzi ndefu. Wako ulikuwa umepondeka."

"Mbona hukusema?"

"Wateja wangu wote naona walivyovunja miavuli yao. Lakini fimbo ni yako, na jibu ni lako. Mimi hufanya kazi kwa jibu ninalopewa." Bibi aliweka sindano chini, akasogeza kiti chake. "Sasa lete hapa. Fimbo iliyobanwa na mlango haina ugonjwa wowote. Tunaondoa kilichopondeka tu."

Mbishi alifungua uzi wote, akatoa ile njiti, akakata sehemu mbovu na kuilainisha kwa msasa. Alikunja waya mwembamba kwenye msumari mpaka ukawa pete ya kupitishia mshipi, akaifunga kwa uzi kwenye ncha mpya, akaupaka ule uzi rangi ya kucha ili usilowane. Mwisho akarudisha mshipi wake mwembamba. Alipoitikisa, fimbo ilitetemeka mpaka kwenye kiganja chake, naye akatabasamu.

Jumapili alifika bwawani na fimbo fupi kuliko zote.

"Hiyo fimbo au mwiko?" aliuliza Kapteni. Makundi yote mawili yakaangua kicheko.

Mbishi alingoja wamalize. Hakuinamisha kichwa. "Ilibanwa na mlango," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma. "Niliupiga teke mwenyewe. Samaki mkubwa hakuwapo, niliwadanganya, na kwa hilo nisameheni. Lakini fimbo hii nimeitengeneza mimi, na inavua. Sitoki hapa mpaka muione ikivua. Nani ana neno jingine?"

Kapteni alikuna kichwa. "Dakika kumi," alisema.

Dakika ya nne fimbo ilitetemeka. Mbishi aliinua, na samaki mdogo akaja akirukaruka. Mpaka mashindano yanakwisha alikuwa amevua saba. Kundi lao lilishindwa kwa samaki mmoja, lakini hakuna aliyemwambia aondoke.

Jioni Bibi aliwatazama wale samaki, akacheka. "Ubishi wako usiuache, mjukuu wangu, utakufaa. Bishana na kazi ngumu, bishana na wanaokucheka. Ila usibishane na ukweli. Ukificha kilichoharibika, utakesha ukitengeneza kisichoharibika."

Kabla Mbishi hajajibu, hodi ikapigwa. Mwanamume mmoja mnene aliingia akiwa na mwavuli uliolala kama chapati. Mbishi aliupokea.

"Umevunjikaje?"

"Aa, upepo tu, binti."

Mbishi alipapasa njiti kwa kidole gumba, kisha akamtazama. "Mzee wangu, sema kweli. Usije ukatengenezewa mwavuli wa upepo bure."

Yule mwanamume alimtazama Bibi. Bibi alikuwa ameinamia sindano yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Niliukalia," alisema yule mwanamume.