Nakala Ambayo Haikutolewa

Haya yalimpata rafiki yangu Wubishet, fundi wa kompyuta pale Gondar, naye ndiye aliyeniungamia.

Alikwenda kwa Emama Etagegn, mjane wa Merigeta Admasu, mwalimu wa nyimbo za kanisa, kuweka programu mpya ya kuendesha diski kwenye kompyuta kuukuu ya marehemu. Nyimbo zote alizorekodi mzee zilikuwa humo, wala hazikuwa kwingine. Wubishet aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Alikijua kile kikohozi kimoja kikavu alichokohoa mzee kabla ya kumsahihisha aliyekosea.

"Umetoa nakala kwanza, mwanangu? Au akili yote iko kwenye kahawa yangu?"

"Nimeshatoa, Emama."

Hakuwa ametoa. Uvivu tu, Mungu amsamehe. Emama akaenda jikoni kutwanga kahawa.

Kazi ilipofika nusu, umeme ukakatika. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya mvua, chumba kikawa giza totoro. Lakini diski iliendelea kuzunguka. Tk. Tk. Tk. Kama fimbo ya mwimbaji ikigonga sakafu ya kanisa. Akachomoa waya ukutani. Tk. Tk.

Umeme uliporudi, akauchomeka waya na kuiwasha kompyuta. Nyimbo zote zilikuwepo, na chini yake rekodi moja mpya, ya dakika zile zile za giza. Kompyuta ile haikuwa na maikrofoni.

Akaifungua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe: "Nimeshatoa, Emama."

Kisha kikohozi kimoja, kikavu.

Kule jikoni, mchi ukanyamaza.