Nyundo ya Osewe Bado Inauliza

Murunga alikuwa ashabadilisha nguo za kazi, anataka kutoroka, ndio Kageha akamwita. Kageha ndiye msimamizi wa karakana. Giza ilikuwa inaanza kuingia.

"Wewe, kabla uende. Nyundo ya Osewe iko wapi?"

Murunga akajifanya anafunga kamba ya kiatu. "Sijui."

"Unajua. Iko ndani ya boila ya treni, pale aliiacha. Itoe umpelekee bibi yake, Caren. Ameniuliza mara tatu kama unamkimbia."

Hakuna msee mwingine angekubali kuingia mle. Hii treni kuukuu ya makaa ya mawe, matajiri fulani walitaka itembee tena, ibebe watalii. Lakini tangu ichome Osewe miezi miwili imepita, na karakana nzima wanaiita Mla Watu. Boila, hilo tangi lake la mvuke, imetengenezwa upya na mafundi wa kutoka nje, nyundo wakaiacha palepale, ikajazwa maji baridi mpaka juu, ipimwe kesho.

Murunga akaingia kwa mlango wa moto, kichwa mbele, kama mtu anamezwa.

Mle ndani ni kachumba ka chuma, kuta mbili mbili. Maji hukaa katikati ya hizo kuta. Kinachozishika zisiachane ni vyuma vifupi, mamia, mafundi wanaziita stei. Stei nzima ukiigonga, inalia kama kengele. Ikikatika, inalia kama umegonga ukuta wa udongo.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na Osewe. Osewe akiwa ndani, anagonga mara moja. Koo. Yaani, iko aje? Murunga akiwa nje, sikio kwa chuma. Ikilia poa, anajibu mara mbili. Ikilia vibaya, ananyamaza tu, na Osewe anaichora chaki.

Siku ile, wakiwa safu ya mwisho, Trizah, mpenzi wake Murunga, akampigia simu. Stori tu, kicheko tu. Murunga akaendelea kujibu. Koo-koo. Koo-koo. Hakuwa anasikiza kitu.

Wiki iliyofuata wakawasha moto. Stei za hiyo safu zikaachia. Maji moto na mvuke zikaruka kwa mlango, zikampata Osewe ameshika beleshi la makaa. Alimaliza siku tatu hospitali, akafa. Watu wa karakana wakasema chuma kilizeeka. Murunga akasema hivyo pia.

Sasa akawasha tochi ya simu. Harufu ya kutu ikambana pua. Nyundo ile pale chini, mpini umeungua nusu. Akaishika.

Koo.

Akaganda.

Haikuwa nje. Ilitoka kwa ukuta... katikati ya ukuta. Kwa maji.

Koo.

Halafu kimya. Kile kimya cha mtu anangoja jibu.

"Kageha?" akanong'ona. "Wacha mchezo."

Koo.

Alitoka na magoti yamechunika. Kageha alikuwa mbali, kwa geti, anahangaika na kufuli.

"Ni chuma inapoa," Kageha akasema alipoelezwa. "Huwa inagongagonga."

Inapoa? Moto haujawashwa mle miezi miwili.

Nyumbani kwake ni Kawangware 46, lakini alishuka matatu Mashimoni, kwa kina Caren, nyundo imefungwa kwa gazeti. Caren aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwa meza kama kitu kitalia.

"Keti, shemeji. Umekonda hivi, nani anakupikia? Kunywa chai."

Mlango unaofuata, mabati ya mbele yalikuwa yameng'olewa. Ni kwa Nafuna, mathe mzee anaishi pekee yake.

"Ndiye alimroga," Caren akasema polepole. "Waligombana juu ya maji chafu. Akamwambia, 'Maji itakumaliza.' Si ilimmaliza? Vijana wanakuja kesho asubuhi. Atatoka, apende asipende."

Nyuma ya ukuta, Nafuna akakohoa.

Chai ikamchoma Murunga ulimi. Ilikuwa maneno mawili tu. Ni mimi. Akapiga funda lingine la chai.

Koo.

Mtungi wa lita ishirini, kando ya mlango. Umejaa, umefungwa. Ni wa plastiki, lakini ulilia kama chuma.

"Umeskia?" Caren akamshika mkono. "Imeanza juzi. Kila jioni, mara moja, halafu inangoja. Wewe ni fundi, shemeji... inauliza nini?"

Nafuna akakohoa tena.

Murunga alijua jibu ya ukweli. Anyamaze tu, yaani iko mbaya. Halafu amwambie Caren ni kwa nini. Lakini mkono wake ukachukua nyundo. Ulikuwa umezoea.

Koo-koo.

Iko sawa.

Kimya. Caren akashusha pumzi, karibu acheke. "Ai! Kwani umeiambia nini?"

 Mtungi ulikuwa umeanza kuimba, chini kwa chini, kama sufuria inataka kuchemka. Caren akainama akaugusa. Akarudisha mkono mbio.

"Shemeji... hii maji nimechota saa hii kwa kioski. Mbona ni moto?"