Chambo cha Jumapili

JUMAMOSI, SAA KUMI JIONI

Terry Mulvey aliibana ndoano kwenye jiliwa, akakaza. Akakaza tena. Ndoano ikavunjika.

"Kitu kidogo namna hii," alisema, "na wanaume wazima wanakililia."

Jiliwa lilikuwa la Innes Cattanach. Chumba kilikuwa chake pia, chumba cha nyuma alichokuwa akikaa miaka yote kufunga chambo bandia cha kuvulia samaki aina ya samoni: unyoya juu ya unyoya, uzi wa hariri, utepe mwembamba wa fedha, ndoano nyeusi. Ila kwa wiki tatu sasa hakuna kilichokuwa chake ndani ya nyumba ile. Terry na Baz walitoka Liverpool wakasema watalala siku mbili. Terry na Innes waliwahi kufungwa jela moja, na Terry si mtu wa kusahau anwani. Sasa yeye ndiye aliyelala kitanda cha Innes. Baz alilala kwenye kochi, mbele ya mlango wa mama yake Innes.

Mama Ishbel alikuwa anakaribia miaka themanini. Hakuna aliyemtishia. Terry alimwita mama, akamsifia uji. Kisha siku ya pili akamweleza Innes, polepole, kwamba Baz aliwahi kumvunja mzee mmoja vidole vya mkono mzima, na muda wote huo hakuacha kutafuna sandwichi yake.

Hiyo ilitosha.

Terry alitandaza ramani juu ya meza, akaikandamiza kwa kopo la gundi. Baz alisimama mlangoni akiujaza wote. Dili lilikuwa Jumba la Tornashee, kando ya Mto Spey huku Uskoti, ambako matajiri hukodi wiki nzima kuvua samoni. Ghorofani kulikuwa na kabati la droo la mwenye jumba wa zamani, marehemu siku nyingi. Ndani ya droo zile mlikuwa na ngozi za ndege zilizokusanywa kabla dunia haijapiga marufuku: jogoo wa porini wa India, tandawala, kotinga wa buluu kutoka misitu ya Amerika. Vitu hivyo haviuzwi hadharani. Wapo wafungaji wa chambo ambao wangemwuza mkwe wao kwa droo moja. Innes aliyajua yote hayo kwa sababu alikuwa ameitwa kule kutoa nondo, wadudu wanaokula manyoya, na siku moja, kwa ujinga, aliwahi kumsimulia Terry.

"Nyumba inakuwa tupu lini?" Terry aliuliza.

"Jumapili asubuhi. Wageni wanaondoka Jumamosi, wapya wanaingia Jumatatu. Mlinzi na mkewe wanakuwa kanisani."

Yote kweli.

Terry akatabasamu. Lango lina kamera, alisema. Barabara ina kamera. Mto hauna. Akavuta begi kutoka chini ya meza, akatoa suruali mbili za mpira zinazofika kifuani, kofia mbili, fimbo mbili ndefu za kuvulia. Wangepita ukingoni mwa mto kama wavuvi, wakaingia kwa mlango wa jikoni, wakatoka na mzigo kwenye begi la samaki, wakashuka tena mpaka kwenye gari chini ya daraja la zamani la reli.

"Nani atamwuliza mvuvi wa Mto Spey anafanya nini mtoni?" Terry alisema. "Wewe Baz, niambie. Nani?"

"Hakuna, bosi. Hiyo ni akili kubwa."

Innes aliinama akaokota kipande cha ndoano sakafuni. Alifanya hivyo ili wasimwone uso.

Katika mito ya Uskoti samoni havuliwi Jumapili. Si desturi tu, ni sheria, na watoto wanaijua kabla ya kujua kusoma. Huko kwa kina Terry, Uingereza, mtu anavua Jumapili mchana kutwa na hakuna anayegeuza shingo. Hapa, mwanamume mwenye fimbo ya samoni mtoni siku hiyo anaonekana kama aliyevua nguo sokoni. Kila dirisha litampigia simu askari wa mto.

Innes hakuwa amepanga chochote. Siku alitaja yeye, mavazi aliyachagua Terry. Vitu viwili vilikutana mezani vyenyewe. Kazi yake ilikuwa moja tu, kufunga mdomo.

"Sikiliza hili pia," Terry alisema, akimgeukia. "Baz anabaki hapa na mama. Nampigia kabla ya saa sita. Nisipopiga, au nikipiga na kusema kuna noma, anajua la kufanya. Tumeelewana, mzee?"

"Tumeelewana."

JUMAPILI, SAA TATU ASUBUHI

Mama Ishbel aliingia jikoni amevaa koti lake jeusi na kofia. Suruali za mpira zilikuwa zimetundikwa mlangoni, fimbo zimeegemea ukuta. Mama aliziangalia. Akamwangalia mwanawe. Halafu akageukia sufuria, akakoroga uji.

"Leo hakuna kanisa, mama," Terry alisema kwa upole. "Una mafua."

"Sina mafua."

"Unayo. Baz atakutunza."

Mama akapakua. Uji wa shayiri, chumvi, bila sukari. Bakuli la Baz alilijaza zaidi kuliko la mtu yeyote, kama alivyofanya kila siku tangu waje. Akasema, bila kumlenga mtu, kwamba asipoonekana kitini mwake, mchungaji atakuja kugonga, na nyuma ya mchungaji watakuja wanawake watano na supu. Terry akamwambia Baz afunge mlango kwa ufunguo, na akigonga mtu, bibi amelala.

"Sawa, bosi," Baz alisema mdomo umejaa. Halafu, kwa sauti ya chini: "Bibi, kuna mwingine?"

Terry alimtazama sana. Baz akashusha macho kwenye bakuli.

SAA TANO KASOROBO

Mto ulikuwa mweusi na umejaa. Si mtu huku, si mtu kule. Mashimo yote mazuri ya mtoni, wanamojificha samoni, ambayo siku nyingine yana wavuvi kama nguzo za uzio, yalikuwa tupu.

"Mbona hakuna mtu?" Terry aliuliza.

"Wako kanisani."

"Wote?"

"Wengi."

Terry akacheka puani. Alikuwa amejifungia chambo kwenye fimbo yake, kikubwa, chekundu na manjano, alichokichukua kwenye kasha la Innes kwa sababu kinang'aa. Kwa maji yale kingemfukuza samaki mpaka baharini. Innes hakumwambia hilo pia.

Kwenye kona walikutana na mwanamke mwenye mbwa. Alizitazama fimbo. Akazitazama suruali. Mbwa alitaka kunusa, naye akamvuta kwa nguvu.

"Mnajua leo siku gani?" aliuliza.

"Siku njema, mama," Terry alisema, akigusa kofia.

Mwanamke aliondoka haraka kuliko alivyokuja, mkono mfukoni. Terry alisimama akimfuata kwa macho.

"Alikuwa na maana gani?"

Jasho lilimshuka Innes ndani ya mpira, mgongoni.

"Watu wa kanisa hao. Anashangaa hatujaenda."

Terry alimtazama usoni. Kisha akatema mate majini, wakaendelea.

SAA TANO NA ROBO

Mlango wa jikoni ulimchukua Terry muda mfupi kuliko kuvua glavu. Ghorofani mlinuka dawa ya nondo na nta. Innes alipiga magoti mbele ya kabati, akavuta droo.

Kwa muda alisahau Terry yuko nyuma yake. Ngozi ya jogoo wa porini ililala kwenye karatasi, kila unyoya una doa jeupe kama tone la maziwa lililoganda. Chini yake tandawala, kahawia na mistari. Halafu kotinga, buluu ambayo hakuna kiwanda kimewahi kuipata. Maisha yake yote alikuwa amefunga chambo kwa manyoya ya kanga na kuku yaliyotiwa rangi, akijifanya ni haya.

"Acha kuyabembeleza. Tia ndani."

Akatia, moja moja, karatasi katikati. Mikono ilifanya kazi na kichwa kilifanya hesabu nyingine. Askari wa mto wakija, Terry atapiga simu. Baz atasikia. Vidole vya mama yake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, havishiki hata sindano. Alikuwa mpumbavu. Alikuwa amemweka mama yake rehani kwa ajili ya kunyamaza kwake. Bado kulikuwa na muda. Wangeweza kuacha fimbo hapa, kuvua mipira, kupitia msituni.

"Terry," alisema.

"Ngoja, nimekumbuka." Terry alikuwa dirishani, anaangalia mto kama mtu anayeangalia shamba lake. "Hii ikitoka salama, kuna jumba Ireland. Kabati kama hili. Halafu Norway. Baz amezoea pale kwako, bibi kampenda. Atabaki naye mpaka tumalize."

"Mpaka lini?"

"Sasa nitajuaje? Wewe ndiye macho yangu, Innes. Mtu hauzi macho yake." Akageuka. "Ulitaka kusema nini?"

Innes alifunga begi. Alimwona Baz kwenye kochi msimu huu, na msimu ujao, na mama yake akipika uji nyuma ya mlango uliofungwa mpaka siku watakapomtoa kwa jeneza. Akakumbuka mama yake alivyoziangalia suruali za mpira. Mama alikuwa mke wa mvuvi na mama wa mvuvi. Alikuwa ameona, alikuwa amejua, naye alikuwa amekoroga uji bila kuwaonya.

"Begi limejaa," Innes alisema. "Twende."

SAA SITA KASOROBO

Walikuwa nusu ya njia kurudi darajani, gari la kijani lilipotokea barabarani juu yao likienda polepole.

"Ingia majini," Terry alinong'ona. "Vua. Vua kama kawaida."

Wakaingia. Maji yakapanda magotini, mapajani, kiunoni, baridi inayokaba hata kupitia mpira. Begi lilikuwa mgongoni mwa Terry. Innes aliinua fimbo, akarusha. Kamba ilinyooka juu ya mto mzima na chambo kikatua bila kutikisa maji. Hakuwa amewahi kurusha vizuri hivyo.

Gari likasimama.

"Mbona limesimama?"

Innes akarusha tena.

Watu wawili walishuka ukingoni. Ng'ambo ya pili, kutoka kwenye miti, akatokea wa tatu. Mbele kulikuwa na shimo refu lisilo na sakafu. Terry alielewa kwamba wamezingirwa kabla hajaelewa ni kwa nini. Alijaribu kwenda chini na maji. Hatua mbili, mto ukamfika kifuani, ukamwinua miguu na kumrudisha alipotoka, kama mlango uliofungwa kwa ndani.

"Innes Cattanach," alisema mzee aliyekuwa ukingoni. Huyo alikuwa Dod Riach, askari wa mto, aliyekuwa akimfahamu tangu anatambaa. Hakupandisha sauti. "Ungekuwa umeiba ningekuelewa, kijana. Umeshaiba zamani. Lakini samoni, Jumapili?"

Terry aligeuza shingo kumtazama Innes. Simu ilikuwa tayari sikioni.

Ikaita. Innes aliisikia kutoka pale alipokuwa, sauti ndogo kama ya mdudu ndani ya chupa. Ikaita, ikaita, ikakatika. Terry akapiga tena. Ikaita. Innes alisimama na fimbo mkononi. Ikakatika.

"Baz, pokea," Terry alisema. "Pokea, mbwa wewe."

"Tokeni," Dod alisema. "Na begi hilo nitaliangalia. Sheria inaniruhusu."

Alilifungua kwenye majani. Alitegemea samaki. Alikaa amechuchumaa muda mrefu mbele ya ile buluu, halafu akavua kofia na kumwambia mwenzake awaite polisi.

SAA SITA NA ROBO

Waliwapakia nyuma ya gari la polisi, pingu mikononi, maji yanachuruzika kwenye mipira. Innes alimwambia dereva kuhusu nyumba na mtu aliyemo, maneno yakitoka yamevunjika. Dereva akasema kwenye redio, akakanyaga mafuta.

Njia ya kwenda nyumbani inapita kanisani. Watu walikuwa wanatoka, na gari likalazimika kupunguza mwendo. Kwenye ngazi, kati ya makoti meusi, Mama Ishbel alikuwa anashuka kidato kimoja kimoja. Alikuwa ameshika mkono wa mtu. Mtu mpana, amevaa tai iliyokuwa ya baba yake Innes, nywele zimelowekwa zikachanwa ubavuni, kitabu cha nyimbo kwapani. Kwa mkono wa pili alikuwa anairudishia sauti simu yake, aliyoinyamazisha ibadani. Aliitazama, uso ukambadilika.

Mama akampigapiga mkono. Akamwambia kitu. Baz akairudisha simu mfukoni.

Terry alikitia kioo ukungu kwa pumzi yake.

"Yule ni Baz?"

Innes aliegemeza kichwa kwenye kiti. Mbele yake kulikuwa na jela, miaka, na pengine korido moja na huyu huyu. Alilijua hilo tangu Jumamosi.

Kanisa likabaki nyuma. Terry akageuka taratibu.

"Jumapili," alisema. "Ulijua. Tangu pale mezani ulijua."

Innes akanyamaza.